Radi haitumwi, jamani! Tuuulize mwili kabla ya kumuuliza mganga

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Msinilaumu, tumepigwa majaribio matatu ndani ya siku tano, bumu halijasoma mpaka leo, na simu yangu imepasuka kioo, naandika huku kidole kinachubuka. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Asiyependa kelele afunge ukurasa mapema.

Iko hivi. Jumapili usiku mvua kubwa ilishuka hapa chuoni. Chumbani tulikuwa watano: wawili wenye vitanda halali, watatu wa kubebwa. Umeme ukakatika. Ghafla ikapiga radi moja, madirisha yakatetemeka. Mwenzetu mmoja, mwaka wa tatu kama mimi, anasomea ualimu wa Fizikia kama mimi, akasema: "Hiyo imetoka Sumbawanga, kuna mtu humu ana deni la watu." Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama, maana nilimkumbuka kaka yangu, na nikamkumbuka bibi mmoja.

Kwetu ni mkoa wa Geita, ndani ndani huko. Novemba 2019 nilikuwa kidato cha tatu. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na miaka 19. Alitoka shamba na wenzake wawili, mvua ikawakuta njiani, wakakimbilia chini ya mwembe. Yeye akaegemea shina. Wenzake wakachuchumaa pembeni, hatua nne tano hivi. Radi ikapiga. Wale wawili walianguka, baadaye wakaamka, mmoja masikio yanavuma, mwingine miguu imekufa ganzi. Kaka hakuamka.

Nawaambia nilichokiona walipomleta na mkokoteni wa ng'ombe. Shati limechanika vipande vipande. Suruali imepasuka kwenye mshono. Kiatu kimoja hakipo, kilikutwa mbali na mwembe. Sikio la kushoto linatoka damu. Nywele za upande mmoja zimebabuka. Chini ya mkufu wake kuna mstari wa kuungua. Na kuanzia begani kushuka kifuani kulikuwa na michoro myekundu, imetawanyika kama matawi ya mti uliopukutisha majani. Ukiacha hayo, alikuwa kama mtu aliyelala.

Hakuna aliyempigia simu mtendaji wa kijiji wala polisi. Hakuna aliyewaza kumwita tabibu wa zahanati. Kaka alioshwa, akazikwa kesho yake saa nane mchana. Wiki haijaisha, wazee wa ukoo wakaenda kwa mganga. Mganga akauliza maswali matatu ambayo nayakumbuka mpaka leo, maana yalirudiwa pale nyumbani kama ushahidi wa mahakamani.

La kwanza: kama ni radi ya kweli, mbona hakuungua akawa mkaa?

La pili: kama ni radi tu, nani alimchania nguo na kumvua kiatu?

La tatu: walikuwa watatu, mbona achukuliwe yeye?

Na ile michoro ya kifuani, akasema, ni sahihi ya aliyemtuma.

Basi jina likatajwa. Bibi mjane, jirani yetu, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote, aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ukoo wetu. Bibi huyohuyo ndiye mkunga aliyempokea mama yangu siku ya kunizaa. Usiku mmoja nyumba yake ikachomwa. Alitoka hai, na kanga aliyojifunga. Akaenda kwa binti yake wilaya nyingine na hajarudi tena. Shamba lake leo linalimwa. Sitasema na nani.

Na mimi? Mimi niliamini. Naandika hapa wazi ili asije mtu akasema huyu msomi anawacheka wazazi wake. Niliamini kabisa, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilikuwa maktaba natafuta mambo mengine, nikafungua kitabu cha patholojia ya kisheria, yaani ule udaktari wa kuchunguza maiti ili ijulikane kilichomuua mtu. Kuna sehemu inahusu watu wanaouawa na mazingira: joto kali, baridi, maji, na radi. Nikaifungua ile ya radi. Ndugu zangu, niliisoma nimesimama. Ilikuwa kama mtu alikuja kijijini kwetu siku ile, akasimama pembeni ya mkokoteni na daftari.

Sasa nijibu yale maswali, maana nimechelewa miaka mingi kuyajibu.

Mbona hakuungua akawa mkaa? Kwa sababu wengi wanaopigwa na radi hawaungui hivyo. Radi ina umeme wa makumi ya maelfu ya ampia, na hewa inapopita hufika takriban nyuzi joto 30,000, yaani zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua. Lakini inapita kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Sehemu kubwa ya umeme huo huteleza juu ya ngozi, hasa ikiwa imelowa mvua na jasho, ikaingia ardhini. Haipati muda wa kumpika mtu. Ndiyo maana majeraha ya moto huwa ya juu juu tu: mistari pale jasho linapotiririka, na alama chini ya kitu cha chuma kama mkufu, zipu, au sarafu ya mfukoni. Mganga alichukua dalili ya kawaida kabisa ya radi akaigeuza kuwa ushahidi kwamba si radi!

Nani alimchania nguo na kumvua kiatu? Maji. Ndiyo, maji. Umeme unapopita juu ya mwili uliolowa, maji na jasho hugeuka mvuke kwa mara moja. Mvuke ukikosa pa kutokea, unapasua. Shati linachanika, kiatu kinafumuka na kuruka. Madaktari wanafundishwa hili kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyepigwa na radi porini anaweza kukutwa nusu uchi, nguo zimeraruka, damu sikioni, na asiyejua akaapa kwamba ameshambuliwa au amebakwa. Na ile damu ya sikioni? Kishindo cha radi kikiwa karibu hupasua ngoma ya sikio. Tabibu mwenye kile kitochi cha masikio anaweza kuiona kwa dakika moja.

Na michoro? Ina jina. Inaitwa michoro ya Lichtenberg, kwa kumbukumbu ya Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg, ambaye mwaka 1777 aliona mfano wake kwenye vumbi lililomwagwa juu ya kitu chenye chaji ya umeme. Haitokei kwa kila mtu, lakini ikitokea, daktari hana haja ya kubishana sana, ni alama ya radi. Tatizo lake moja: inafifia. Saa chache, siku moja au mbili, imekwenda. Ushahidi mzuri kuliko wote ulikuwa kifuani kwa kaka yangu, sisi tukaufunika kwa sanda, tukaushusha kaburini, halafu tukaenda kununua uongo kwa mganga.

Mnaona sasa kinachonikera? Watu wanadhani sisi tulikosa ushahidi. Hatukukosa. Tulikuwa nao wote. Tulichokosa ni mtu mmoja wa kuusoma kabla ya mazishi.

Kuna atakayesema: "Wewe unatetea wachawi, je kama mtu kaua kweli akasingizia radi?" Swali zuri, na ndipo ninapoipenda kazi hii. Uchunguzi wa mwili unakata pande zote mbili. Anayechunguza haridhiki na ngozi tu, maana wapo waliopigwa na radi na mwili hauonyeshi karibu chochote, si nje wala ndani, moyo umesimama basi. Ndiyo maana anauliza na eneo: mti umepasuka gamba? Kuna mifugo iliyokufa pale? Nyasi zimeungua? Siku ile kulikuwa na ngurumo, au kulikuwa na jua? Wenzake walisikia nini? Kama kuna jeraha la panga au fuvu limevunjika na mti hauna hata mkwaruzo, muuaji hatajificha nyuma ya wingu. Kwa hiyo unayetaka wauaji wakamatwe, wewe ndiye wa kwanza kudai uchunguzi. Anayeogopa mwili usichunguzwe ni muuaji na mpiga ramli.

Sasa lile la tatu, lililo gumu. Mbona yeye?

Najua jibu la kijiweni: "Sayansi inakwambia vipi, haikwambii kwa nini yeye." Nimelisikia hata kwa watu wenye shahada. Haya, tuanze na kile ambacho sayansi inajua. Yeye ndiye aliyeegemea shina. Radi ikipiga mti, sehemu ya umeme huruka kutoka kwenye shina kwenda kwenye kitu kilicho karibu, na huyo alikuwa yeye. Wenzake waliokuwa mbali kidogo walipata ule unaosambaa ardhini, uliopanda mguu mmoja na kushuka mwingine, ndiyo maana mmoja miguu ilikufa ganzi. Walichuchumaa, miguu imekaribiana, wakapona. Kwetu Usukumani kila mtu ameshasikia zizi zima la ng'ombe limekufa na mchungaji amepona, na watu wanasema mwenye ng'ombe analogwa mali yake. Jamani, ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana, umeme wa ardhini unapita katikati yake, penye moyo. Mchungaji miguu yake iko pamoja. Tofauti ni nafasi kati ya mguu na mguu.

Na kama bado utasema, lakini kwa nini ni yeye aliyeegemea? Hapo nakubali, hakuna kitabu kitakachokujibu. Ita bahati mbaya, ita mipango ya Mungu, kila mtu na imani yake. Lakini bahati mbaya haina jina la ukoo. Haina nyumba ya nyasi ya kuchomwa moto. Ukishalitaja jina la mtu, hujajibu swali la "kwa nini yeye", umeongeza maiti wa pili. Na kwa huyo wa pili swali la "nani kaua" ni rahisi sana: ni sisi.

Nimefika pale panapouma. Nilitaka kuparuka, lakini basi.

Radi inaua kwa kusimamisha moyo na kupooza sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Mara nyingi moyo unaanza tena wenyewe. Pumzi ndiyo inachelewa. Mtu akikosa pumzi, moyo nao unasimama tena, na sasa hauamki. Katikati hapo kuna dakika chache. Mtu anaonekana amekufa, kumbe angepuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo na kubonyezwa kifua, wengine wanarudi. Ndiyo maana radi ikipiga watu wengi, waokoaji wanafundishwa kinyume cha ajali nyingine: anza na wale wanaoonekana wamekufa, wanaolia na kugugumia wanaweza kusubiri. Na mwili uliopigwa hauna umeme uliobaki ndani yake. Unaweza kuushika muda huohuo.

Kaka yangu alilala chini ya ule mwembe kama nusu saa, watu wamesimama mbali. Waliogopa kumgusa. Waliambiwa mtu wa radi haguswi mpaka mganga aje aagize dawa. Sisemi angepona, siwezi kulisema hilo. Nasema hakuna aliyejaribu, na sababu ya kutojaribu ni imani ileile iliyochoma nyumba ya bibi. Imani moja, imetupiga mara mbili kwa wiki moja.

Sasa nani wa kulaumiwa? Msiniambie "wanakijiji hawana elimu". Mimi nilisoma. Yule wa Jumapili usiku anasomea Fizikia, mwaka kesho atasimama mbele ya watoto na chaki. Kila tukisema "ya Sumbawanga" tukacheka, kwanza tunawaonea watu wa Rukwa ambao radi inawaua kama inavyotuua sisi, pili tunampa mpiga ramli leseni. Serikali ilitangaza marufuku ya wapiga ramli Januari 2015. Marufuku ya karatasi haishindi kicheko cha msomi. Mtoto wa kijijini akisikia mwalimu wake naye anatania hivyo, atamwamini nani?

Wa pili ni wenye mihuri. Kifo cha radi kinaandikwa "ajali" au "amri ya Mungu", faili limefungwa, watu warudi nyumbani. Na kifo kisichochunguzwa hakifundishi kitu. Ngoja niwakumbushe. Juni 2011, Kiryandongo huko Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja wa shule ya msingi Runyanya, siku moja. Oktoba 2018, hapa mkoani kwetu Geita, wanafunzi 6 wa shule ya msingi. Januari 2025, Geita tena, wilaya ya Bukombe, wanafunzi 7 wa sekondari ya Businda. Mkoa uleule, radi ileile, madarasa yaleyale.

Si ajabu hata kidogo. Ziwa Victoria na milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliweka Kabare, kule Kivu, nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Tunaishi jirani na kiwanda cha radi, halafu kila ikipiga tunatafuta bibi wa kumlaumu! Kinga ya radi ilipendekezwa na Benjamin Franklin karne ya 18: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa kushuka, chuma kilichozikwa vizuri ardhini. Ni somo la sekondari, sura ya umeme tuli, nitalifundisha mwenyewe. Nitalifundisha pengine ndani ya darasa lisilo na hiyo fimbo, wanafunzi 90 wamebanana, kiatu kwa kiatu, na wingu jeusi linakuja.

Mtasema wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wako mijini. Kweli. Lakini mimi siombi kila kijiji kipate bingwa. Naomba vitu ambavyo zahanati na mtendaji wanaviweza:

1. Mtu akipigwa na radi, aguswe! Apuliziwe, abonyezwe kifua, huku anatafutwa usafiri. Hili lifundishwe shuleni kabla ya mitihani yote.

2. Akifariki, taarifa itolewe kabla ya kumwosha. Kifo cha ghafla cha namna hii ni cha kutolewa taarifa, si hiari ya ukoo.

3. Tabibu wa zahanati aangalie ngozi, masikio, nywele, nguo na viatu, aandike. Kama kuna michoro, ipigwe picha siku hiyohiyo kabla haijafifia. Nguo zisichomwe wala kufukiwa.

4. Mti na eneo vikaguliwe, na mashahidi wasikilizwe.

5. Hili ndilo kubwa. Majibu yasomwe hadharani, matangani, mbele ya ukoo na majirani, kwa lugha ya nyumbani. Sio yafungiwe kwenye kabati. Matanga ndiyo mahakama ya kijijini, uongo unazaliwa pale, na ukweli upelekwe palepale.

Mwaka jana, baada ya kile kitabu, nilienda kumtafuta bibi kwa binti yake. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaniitikia marahaba kama vile hakuna kilichotokea, akaniuliza mama hajambo. Nikamweleza yote, mvuke, ngoma ya sikio, michoro, mwembe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Mjukuu wangu, mimi nilijua siku ileile kwamba sikumuua. Hayo nenda ukawaambie wao."

Bado sijawaambia wote. Baba mkubwa nimemwambia, akanyamaza, akatoka nje. Likizo hii nakwenda tena, na safari hii nataka tukae kikao, na suala la shamba liwemo. Najua nitaambiwa chuo kimeniharibu. Poa tu.

Na wewe mwenzangu wa chumba, najua unasoma hapa. Sina ugomvi na wewe. Lakini radi ikipiga tena ukianza mambo ya Sumbawanga, utanikuta macho.

Maoni yenu nayasubiri hapo chini, hata ya matusi, ila myapange kwa hoja. Haya, ngoja nikimbilie kafeteria kabla wali haujaisha.

Mwalimu mtarajiwa.